Bunduki Kwanza, Baraza Baadaye

Juni 1981 jeshi la Tanzania, lililomng'oa Idi Amin mwaka 1979, lilikuwa linamalizia kuondoka Uganda. Tarehe 24 ya mwezi huohuo, kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombachi karibu na mji wa Arua, askari wa UNLA, jeshi jipya la Uganda, waliwafyatulia risasi raia waliokimbilia hapo kutafuta usalama. Wapo wanaoziweka habari hizi mbili pamoja wakasema Watanzania waliondoka mapema mno. Wengine wanasema kinyume kabisa: walikaa mno, na miaka miwili ya kukaa kwao ndiyo iliyolilea jeshi lililokwenda kuua Ombachi.

Ubishi huo nimeupeleka Issenye, wilaya ya Serengeti. Ni mbali na Arua lakini si mbali na vita ile. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alizaliwa Butiama, mkoa huuhuu wa Mara, na vijiji vya Mara vilitoa vijana wengi, wa jeshi na wa mgambo. Vita ilipokwisha, baadhi ya bunduki nazo zilirudi Mara. Sauti nne zinazofuata nimezitunga mimi. Mambo ya vita yanayotajwa hayakutungwa. Mzee alikwenda Uganda akiwa mgambo. Mwalimu anafundisha historia sekondari. Mama ni mfugaji, ingawa zizi lake si lile la zamani. Kijana ametoka JKT, anasubiri kuitwa jeshini, na huko akisubiri anaendesha bodaboda kati ya Issenye na Mugumu.

MZEE: Mgambo wa wakati ule tulicheza kwata kwa fimbo. Fimbo, mwanangu, umeiweka begani kama bunduki. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulitaka raia ajilinde, tukaona ni mambo ya jioni, unapiga kwata unakwenda zako kula. Halafu Oktoba 1978 Amin akaingia Kagera. Novemba ilipoanza, akatangaza kwamba ardhi yote ng'ambo ya mto ni yake, na daraja la Kyaka akalivunja. Hapo ndipo malori ya watu binafsi yakachukuliwa, mabasi yakachukuliwa, na sisi tukapandishwa.

MWALIMU: Kabla ya vita jeshi halikufika watu 40,000. Ndani ya wiki chache likavuka 150,000, na kati ya hao mgambo ni kama 40,000. Kwa hiyo tusiseme jeshi lilikwenda Uganda. Wakulima na wafugaji ndio waliokwenda.

MZEE: Tena kwa miguu. Usilitaje haraka hilo. Mutukula, Masaka, Lukaya. Lukaya tukakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwetu, watu wamejaa barabarani wanatuita bakombozi, wanatupa ndizi, wanatupa bia. Kesho yake walewale wanavunja maduka, mtu anapita na godoro kichwani na redio mkononi, na sisi tumesimama tunatazama. Tulikuwa wachache kwa mji ule, na amri ya kuzuia hatukupewa.

KIJANA: Babu, mlitazama tu? Mbona tunasikia na nyinyi mlibeba?

MZEE: Waliobeba walikuwapo. Sikatai.

Amejibu kwa ufupi, na sitamlazimisha zaidi, ila neno moja niliongeze. Kabla ya Kampala kulikuwa na Mutukula, Januari 1979, ambako askari wetu waliubomoa mji na raia wakauawa. Nyerere alipopata habari alitoa amri raia na mali zao wasiguswe tena. Amri hiyo ilisaidia, na mwenendo wa jeshi lililofika Kampala ulisifiwa na wengi. Lakini vitabu vya shule hupita Mutukula mbiombio, na kijana aliyesoma vitabu hivyo ana haki ya kumuuliza babu yake.

MAMA: Mimi nauliza jambo jingine. Amin amekimbia. Nyumba haina mwenyewe. Nani aliwekwa?

MWALIMU: Waganda wa vikundi mbalimbali walikutana Moshi kuanzia tarehe 24 Machi 1979, vita bado inaendelea. Wakaunda chama cha pamoja, UNLF, na kiongozi akawa Profesa Yusuf Lule. Akakaa madarakani siku 68. Baraza lao la mashauriano likamwondoa tarehe 20 Juni, likimlaumu kwa kuteua watu bila kulishauri. Akaja Godfrey Binaisa. Naye Mei 1980 akajaribu kumwondoa David Oyite Ojok kwenye unadhimu mkuu wa jeshi, akaondolewa yeye. Tume ya Kijeshi ikashika nchi, mwenyekiti wake Paulo Muwanga. Desemba 1980 uchaguzi, Obote, aliyekuwa rais kabla ya Amin, akatangazwa mshindi. Februari 1981 Museveni akashambulia kambi ya Kabamba, akaingia msituni. Miaka mitano mingine ya vita.

MAMA: Umetaja wengi. Sasa niambie, huyo profesa wa siku 68 alikuwa na askari?

MWALIMU: Hapana.

MAMA: Na Binaisa?

MWALIMU: Hakuwa nao.

MAMA: Waliobaki je?

MWALIMU: Obote alikuwa na Kikosi Maalum, chini ya Oyite Ojok na Tito Okello. Museveni alikuwa na FRONASA. Vyote viwili vilivuka mpaka pamoja na jeshi letu, na vyote viwili viliandikisha vijana njiani, kila kimoja kule kinakopendwa.

MAMA: Basi hapo nimeshaelewa, huna haja ya kuendelea.

MZEE: Mwache aendelee, ila na mimi nilikuwepo. Tulikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, usiku. Inakuja Land Rover ya vijana wa Kiganda, wana karatasi ya kamanda wao. Tunawapitisha. Baada ya nusu saa linakuja lori, vijana wa Kiganda, karatasi ya kamanda mwingine, nao wanauliza wale wa kwanza wamepita njia gani. Wote wanavaa magwanda tuliyowapa, wote wana SMG tulizowapa. Sajini wetu akaniuliza, hawa wanatafutana kwa heri au kwa shari? Sikuwa na jibu. Tuliwaonyesha njia.

Mjadala wa wapi Tanzania ilikosea mara nyingi huishia kwenye hesabu ya miezi: wangekaa mingapi, wangeondoka lini. Naona hesabu hiyo inatupotosha. Silaha zilitolewa kwa makundi yenye makamanda kabla hakujawa na chombo cha Waganda wenyewe chenye nguvu ya kuwaita makamanda hao, kuwahoji na kuwanyang'anya. Baraza la mashauriano lilikuwepo, ni kweli, na liliweza kumwondoa profesa asiye na jeshi. Mbele ya Tume ya Kijeshi halikufua dafu. Na jeshi letu, lililokuwa na uwezo wa kuamua ugomvi ule kwa asubuhi moja, lilibaki kambini Binaisa alipoondolewa. Lingetoka, lingekuwa limepindua serikali. Lisipotoka, limemwachia mwenye bunduki nyingi. Jeshi la mgeni huwa halina njia ya tatu.

KIJANA: Mimi sikubaliani. Mnasema kama vile kukaa kwetu hakukuwa na faida. Juni 1981 tunaondoka, Juni hiyohiyo Ombachi. Hilo si la kujadili.

MWALIMU: Ni la kujadili. Mauaji ya West Nile yalianza mwaka 1980, Oktoba, baada ya askari wa zamani wa Amin kuvuka kutoka Zaire na Sudan. UNLA ikalipiza kwa raia, watu wakakimbia nchi kwa malaki. Sisi tulikuwa bado tumo Uganda.

KIJANA: Na tungeondoka 1979 ingekuwaje?

MWALIMU: Pengine mbaya zaidi. Sisemi tungeondoka siku ileile. Nasema gharama ya kukaa tuliilipa sisi na faida aliivuna mtu mmoja, Obote. Vita ilitugharimu kama dola milioni 500. Nyerere akatuomba tufunge mikanda miezi 18, na wewe hukuwahi kupanga foleni ya sabuni kwa hiyo huijui miezi 18 hiyo ilikuwa mirefu kiasi gani. Julai 1979 tunakwenda mkutano wa OAU Monrovia, badala ya pongezi Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria wanatukaripia kwa kuvuka mpaka wa mwenzetu.

MZEE: Obasanjo huyo! Jeshi la kwao si lilikuja kwetu?

MWALIMU: Lilikuja, mzee wangu, na hilo ndilo nililotaka kulifikia. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Nyerere akaomba Waingereza, wakaja tarehe 25, wakawanyang'anya waasi silaha. Aibu ile ilimuuma. Akaomba Afrika imsaidie, Nigeria ikaleta kikosi, Waingereza wakaondoka, na Wanigeria wakatulinda kwa miezi kadhaa wakati jeshi la zamani limevunjwa na jipya linaandikwa. Septemba 1964 JWTZ ikazaliwa, Wanigeria wakaaga. Nani hapa anakumbuka Mnigeria akigombana na Mtanzania?

KIJANA: Kwa hiyo jeshi la kigeni linaweza kufaa.

MWALIMU: Lilifaa kwa sababu waliokuwa wanaandikisha askari walikuwa mkono mmoja, TANU. Ubaya wake upo, jeshi likawa la chama, mimi silifichi hilo. Lakini Mnigeria hakuulizwa achague kati ya majeshi mawili ya Watanganyika. Kampala tuliingia na majeshi mawili, tukayapa yote chakula.

Mwalimu amezoea kushinda darasani, ndiyo maana nimemwachia muda mrefu. Aliyekuwa akitikisa kichwa wakati wote huo ni Mama.

MAMA: Nyinyi mnahesabu majeshi ya Kampala. Njoni huku. Vita imekwisha 1979. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wezi wa ng'ombe waliokuwa wanakuja na upinde wakaanza kuja na SMG. Ilitoka wapi?

MZEE: Zipo zilizorudi na askari. Zipo zilizonunuliwa mpakani.

MAMA: Zilirudi na watoto wetu. Semeni vizuri. Tarime, huku kwetu, kwa Wangoreme, kote. Kijana wa mgambo ameondoka na fimbo, amerudi anajua kufyatua. Amekuta shamba lilelile na jembe lilelile. Jirani ana ng'ombe mia. Mnategemea nini?

MWALIMU: Si huku tu, mama. Moroto, Karamoja, mwaka 1979 askari wa Amin walikimbia wakaacha ghala la silaha, Wakaramoja wakabeba. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi, na serikali ya Uganda ilikuwa bado inawanyang'anya bunduki zaidi ya miaka 20 baadaye.

MAMA: Mimi za Moroto sizijui. Najua usiku mmoja waliokuja kwetu. Walipiga risasi moja tu, juu, mume wangu akatoka nje mikono hewani, wakafungua zizi kama la kwao. Asubuhi tukafuata nyayo. Nyayo za ng'ombe hazisemi uongo, zinavuka korongo, zinapita shamba la mtama, zinaingia kijiji cha watu. Desturi ni kwamba kijiji zinakopotelea kinajibu. Kikionyesha zimetoka kwenda mbele, kimepona. Kisipoonyesha, kinalipa. Siku hiyo tulifika, wazee wa pale wakatutazama, wakasema, tutalipaje wakati hata sisi tunawaogopa hao vijana? Hapo ndipo nilipojua desturi imekufa. Wazee walikuwa na laana na kikao, vijana wana SMG.

MZEE: Ndipo ikaja sungusungu.

MAMA: Ikaja. Ilianzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi, Shinyanga na Tabora, kama 1981, 1982. Ikatufikia. Kila kaya inatoa mtu wa doria, yowe likipigwa hakuna wa kubaki kitandani, asiyetoka analipa faini. Ng'ombe wakapumua.

MWALIMU: Na watu wakapigwa. Tuseme na hilo. Usukumani sungusungu waliwaandama wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi. Watuhumiwa walicharazwa hadi wakakiri wasiyoyatenda. Chama kiliwasifu, polisi na mahakama wakanung'unika, hadi 1989 Bunge likabadili sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata. Sheria ilikuja kuhalalisha kilichokuwa kimeshatendeka. Hivyo ndivyo vikundi vyote vya silaha vinavyoanza, mama. Kikosi Maalum nacho kilianza kwa jina la kuwakomboa watu.

MAMA: Usinilinganishie sungusungu na Kikosi Maalum. Wa doria hapa namjua aliyemzaa. Akivuka mpaka, namwita mkutanoni, namsema mbele ya mama yake, na ugali anaokula doria ni wangu. Huyo wa Kampala ugali wake ulitoka Dar es Salaam. Atamsikiliza nani?

MWALIMU: Na mkutanoni wewe unakaa wapi?

MAMA: Nini?

MWALIMU: Iritongo la Wakurya, vikao vyetu vya rika huku, mwanamke anakaa wapi? Anasema saa ngapi? Umesema utamsema mbele ya mama yake. Miaka ile ulimsema nani?

MAMA: Miaka ile nilikaa pembeni, nikanong'ona kwa mume wangu, akasema yeye. Sasa nasema mwenyewe. Limebadilika kwa sababu ni kikao chetu, tuliweza kukibadilisha. Ungeweza kuibadilisha Tume ya Muwanga kwa kunong'ona?

Hapa namuunga mkono Mama, kwa tahadhari. Mwalimu yuko sahihi kwamba sungusungu iliumiza watu, na kijiji kinaweza kuwa katili kuliko polisi, hasa kwa mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Tarime nayo inaonyesha jambo hili lina ukomo: koo zilipopigana wenyewe kwa wenyewe, doria ya kila ukoo iligeuka kuwa jeshi la ukoo, na serikali hatimaye ikaunda Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Kuwajua watu kwa sura kunafaa ndani ya kijiji, kwenye mpaka wa vijiji viwili kunageuka kuwa uchochezi. Hata hivyo tofauti aliyoitaja Mama ni ya kweli. Doria ya Issenye hulishwa na walewale inaowalinda. Vikundi vilivyoingia Kampala vililishwa na serikali ya nje, na vilipoondokewa na mlishaji vikajilisha kwa raia. Museveni aliielewa hesabu hiyo baadaye: msituni Luwero jeshi lake liliishi kwa chakula cha wanakijiji, na kamati za wanakijiji ndizo zilizokuwa zikikitafuta.

KIJANA: Sasa nisikilizeni na mimi, maana mimi ndiye nitakayetumwa. Mwaka 2013 jeshi letu lilikwenda Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, waasi wa M23 wakapigwa wakakimbia. Desemba 2017 kambi ya Semuliki ikashambuliwa, askari wetu wasiopungua 14 wakafa. Desemba 2023 SADC ikapeleka tena, na sisi tumo. Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23 haohao. Machi SADC ikasema basi, turudi. Kwa hiyo babu, ulichokiona Uganda hakijaisha.

MZEE: Huko nako kuna mgambo?

KIJANA: Wanawaita Wazalendo. Wengi ni vikundi vilevile vilivyokuwa vinapigana na serikali, au vinapigana vyenyewe. M23 iliporudi, serikali ikaona bora iwe nao. Mwaka 2023 ikapitisha sheria ya jeshi la akiba ili waingie humo.

MWALIMU: Wameingia?

KIJANA: Kwenye karatasi. Kila kikundi bado kina kamanda wake na kizuizi chake cha barabarani, na ushuru wanachukua.

MZEE: Kizuizi! Nimekwambia nilisimama kwenye kizuizi. Kama ukienda huko wakakwambia uwafundishe vijana wa kikundi fulani, muulize kamanda wako vijana hao wakiua mtu kijiji cha pili, mwenye maiti anakwenda kulalamika wapi.

MWALIMU: Askari haulizi, mzee wangu. Angeuliza angewekwa ndani.

MZEE: Mimi sikuuliza, na sikuwekwa ndani, na yale magari mawili nimeyaona tena na tena. Bora angeuliza.

KIJANA: Na jibu likiwa hakuna pa kulalamika, nifanye nini? Nikatae? Watu wa Goma wafe kwa sababu hawana mkutano wa kijiji? Babu, wazee wenu walikimbia Nyiberekera, makao yao ya kale, kwa ajili ya Wamasai na njaa, mnasimulia kila siku. Angetokea mtu na bunduki akawalinda siku ile, wangemuuliza baraza lake liko wapi?

Hakuna aliyemjibu mara moja, na mimi mwandishi jibu kamili sina. Anayekimbia hana nafasi ya kuchagua mlinzi. Ila Kampala haikuwa inakimbia mwezi Mei 1980. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu Amin atoke, mwaka ambao vijana wale wangeweza kuandikwa upya jeshini, mmojammoja kwa jina lake, bila kuingizwa vikosi vizima pamoja na makamanda wao. Jeshi la kigeni linachoweza kununua ni muda kama huo, na muda wa Uganda ulitumika kuandikisha wafuasi.

MAMA: Kijana, nenda ukalinde watu, hakuna aliyekukataza. Lakini mimi nina kesi Jumamosi. Vijana watatu wa doria wamechukua mbuzi wa mjane, wanasema ni faini, risiti hawakutoa. Nimewaita mkutanoni. Mwalimu, uje uandike muhtasari, na majina uyaandike yote matatu.

MWALIMU: Wakikataa kuja?

MZEE: Watakuja. Mmoja ni mjukuu wangu.

MWALIMU: Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, mzee wangu.